Chanda Chema na Pete Yake: Malipo kwa Utendaji katika Jiji la Tanga

Nawashukuru kwa kuja jioni ya joto kama hii kusikiliza habari za mishahara ya watu wengine.

Nimeombwa nijibu swali moja: je, mtumishi wa Jiji alipwe kwa kadiri ya kazi aifanyayo, au aendelee kulipwa kwa cheo na miaka aliyokaa kazini? Swali hili ni la kila mtu humu. Jiji letu lina kata 27 na, kwa sensa ya 2022, watu wanaokaribia 400,000. Hakuna hata mmoja kati yetu ambaye hajawahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akiwa na karatasi mkononi, akaambiwa mhusika ametoka kidogo. Na hakuna mtumishi humu ambaye hajawahi kumwona mwenzake anayetoka kidogo tangu Januari hadi Desemba, kisha wote wawili wakapata nyongeza ileile.

Nataja kusudi langu mapema, ili anayetaka kuiwahi Magharibi aondoke nalo. Nasema kazi njema ilipwe zaidi, lakini mshahara wa mtu mmojammoja usiguswe. Malipo ya ziada yawe tuzo ndogo ya kikundi, yaani ya idara, kituo au ofisi ya kata. Tuzo hiyo ifungwe na ahadi ambazo Jiji limekwisha kuwaandikia wananchi, na ilipwe kwa wakati. Nitatoa hoja tano. Hazilingani urefu, mnisamehe.

Wahenga wetu hawakutuachia kauli moja juu ya jambo hili. Waliosema chanda chema huvikwa pete ndio haohao waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Anayeishika ya kwanza peke yake atagawa fedha na kupata tembo la maji. Anayeishika ya pili peke yake atawaacha wagema hodari wakashuka mnazini kabisa.

Hoja ya kwanza: Tanga imekwisha kuishi na njia mbili za kulipa, na zote mbili zina dosari

Mara nyingi tunazungumza juu ya malipo kwa utendaji kama jambo jipya lililoletwa na wataalamu wenye kompyuta za mapajani. Hapa Tanga si jipya. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Ikasalimika 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche ile yakatoka mashamba yaliyoijaza reli kutoka hapa hadi Korogwe na kwingineko, na pamoja na mashamba hayo ukaja utaratibu wa kipande. Mkata mkonge alikuwa na kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Alipewa ngwe yake kila siku, akakata majani, akayafunga mafungu, nyapara akahesabu. Ngwe ikikamilika siku iliwekwa alama, ikipungua haikuwekwa. Kadi ikijaa ndipo analipwa.

Hebu tuutazame utaratibu ule bila chuki na bila kuupamba. Ulikuwa na sifa moja kubwa: kila mtu aliona kilichohesabiwa. Fungu ni fungu. Mkataji hakuhitaji kusubiri mkubwa wake ajaze fomu ili ajue amefanya kazi au hakufanya. Lakini ulikuwa na maovu yake. Aliyeugua kadi haijajaa alibaki na kadi. Nyapara aliyekuwa na neno na mtu alikuwa na njia nyingi za kuhesabu. Tena kilichohesabiwa kilikuwa idadi, na mtu anayelipwa kwa idadi hujifunza idadi: afya ya mmea, usalama wa mwenzake mwenye kisu kikali, jani litakalokatwa mwakani, hayo hayakuwa na nafasi kwenye kadi.

Wakati mkata mkonge analipwa kwa kipande, karani wa mjini alilipwa kwa cheo. Na hapo pia Tanga ina historia yake. Mwaka 1922, katika mji huu, Martin Kayamba, karani wa serikali, pamoja na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, Wakristo na Waislamu pamoja. Ndicho kilichotangulia African Association iliyokuja kuundwa Dar es Salaam mwaka 1929. Kwa hiyo vijana wanaodhani siasa ya nchi hii ilianzia Dar es Salaam, waambieni ilipita kwanza kwenye meza za makarani wa Tanga. (Makofi.)

Makarani wale walikuwa na madaraja, nyongeza za mwaka, likizo na pensheni. Lakini daraja halikutoka kwenye kazi. Lilitoka kwenye rangi: ngazi ya Mzungu, ngazi ya Mhindi, ngazi ya Mwafrika. Karani Mwafrika angeweza kuiendesha ofisi nzima mkubwa wake akiwa likizo Ulaya, na mshahara wake usisogee. Utaratibu huo ulianza kuvunjwa baada ya taarifa ya Tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Baada ya uhuru tulirithi ngazi zenyewe, tukaziondolea rangi, tukaacha miaka na vyeti vifanye kazi ya kupandisha watu. Mwalimu Nyerere akajitahidi kupunguza urefu wa ngazi: Oktoba 1966 alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wakubwa wa serikali wakapunguziwa pia. Nalikumbusha hili kwa sababu wazo la kuwalipa tofauti watu wawili wenye cheo kimoja linagusa jambo la ndani sana kwetu. Anayelipuuza atapata mgomo wa kimyakimya, na huo hauna barua ya kuutangaza.

Basi tulikuwa na kipande, kilichopima kila kitu kinachohesabika na kumsahau mtu. Tukawa na cheo, kilichomkumbuka mtu na kuisahau kazi. Tunachotafuta leo kisiwe kipande kilichovaa suti.

Hoja ya pili: mshahara haupangwi Tanga

Hii ni fupi, na madiwani wanaijua vizuri kuliko mimi. Watumishi wengi wa Halmashauri wanalipwa na Hazina. Ngazi za mishahara, iwe TGS ya kada za kawaida, TGTS ya walimu au TGHS ya afya, hutolewa kwa waraka kutoka Utumishi, Dodoma. Ikama huidhinishwa huko. Kupanda cheo kunategemea muundo wa utumishi wa kada, nafasi ya mtu kwenye tange, yaani orodha ya ukongwe kazini, bajeti na kibali. Kima cha chini kilipotangazwa Mei Mosi ya 2025 kule Singida kwamba kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, hakuna baraza la madiwani lililoulizwa, na halikustahili kuulizwa.

Kwa hiyo anayesimama kwenye kampeni na kuahidi kwamba Jiji litawapandishia mshahara wachapakazi na kuwapunguzia wavivu anaahidi asichokuwa nacho. Kilichomo mkononi mwa Jiji ni mapato ya ndani, nayo yamekwisha kugawiwa kwa miongozo: kuna fungu la miradi ya maendeleo, na kuna asilimia 10 ya mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kinachobaki ni kidogo. Udogo huo ndio unaonifanya niseme tuzo wala nisiseme mshahara. Mshahara ukishapanda haushuki. Tuzo hutolewa pale kazi ilipofanyika, na isipofanyika fedha hubaki.

Niongeze jambo ambalo maafisa utumishi hawatapenda nilitaje hadharani. Kabla ya kumwahidi mtu tuzo, mlipe anachodai. Mtumishi aliyehamishwa bila fedha ya uhamisho, mwalimu aliyepanda daraja akakaa na mshahara wa zamani huku malimbikizo yakirundikana, ukimwambia habari za motisha anaona unamdhihaki. Kuanzia 2016, uhakiki wa watumishi hewa na wa vyeti ulipoanza, upandishaji wa madaraja ulisimama. Aprili 2017 majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi yakakabidhiwa kwa Rais. Uhakiki ulikuwa wa haki. Lakini waliokuwa na vyeti halali nao walikaa miaka bila kupanda, na nyongeza ya mwaka ilirudi baada ya Rais Samia kuitangaza Mei Mosi ya 2023. Mtu aliyepita kipindi kile hawezi kuamini ahadi ya tuzo kwa kusikia hotuba yangu. Ataamini atakapoiona kwenye akaunti yake.

Hoja ya tatu: fomu imejaa, kazi haijapimwa

Wenye umri wangu mnakumbuka taarifa za siri. Mkubwa wako aliandika juu yako, nawe hukuona. Mwaka 2004, baada ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, serikali ilileta OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji. Nia ilikuwa njema kabisa: mtumishi na msimamizi wakae, wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka wa fedha, wayapitie katikati, wapime mwishoni. Alama zilikuwa tano, 1 ikiwa bora kabisa na 5 ikiwa mbaya kabisa.

Mnacheka. Mnajua nitakachosema. Fomu zilijazwa mtumishi alipokaribia kupanda cheo, malengo na matokeo yakaandikwa siku moja kwa kalamu moja, na 5 ikawa alama ambayo hakuna aliyeiona kwa macho. Simlaumu msimamizi. Ukimpa mtu 4 utakutana naye kesho msibani, na Ijumaa mtasimama safu moja. Mtoto wake ameposwa na mpwa wako. Katika mji wa pwani ambao watu wake wameoana kwa vizazi, kumtaka mtu mmoja amtie mwenzake alama mbaya kwa maandishi ni kutaka jambo lisilotendeka, na sheria hailibadilishi.

Tangu mwaka wa fedha 2023/24 tuna PEPMIS, mfumo wa kielektroniki. Mtumishi anaingiza majukumu, anayagawa, anaandika maendeleo, msimamizi anathibitisha. Umeondoa karatasi, umeondoa kujaza ya mwaka mzima kwa siku moja, au angalau umefanya iwe vigumu. Lakini anayethibitisha bado ni yuleyule tutakayekutana naye msibani.

Halafu kuna mfanyakazi bora wa Mei Mosi. Ni desturi nzuri, siipingi, lakini semeni kweli: katika ofisi ngapi hachaguliwi kwa zamu? Mwaka huu masijala, mwakani uhasibu, mwaka unaofuata dereva kwa sababu hajawahi kupata. Watumishi wenyewe wameigeuza tuzo ya mtu mmoja kuwa ya wote, kwa sababu wanajua kazi ya ofisi haifanywi na mtu mmoja. Hati ya kiwanja inapita kwa mpima, afisa ardhi, mhasibu, mpiga chapa na mtu wa masijala. Yupi ndiye chanda?

Tena kuna mambo ambayo fomu haitayaona hata ikijazwa na malaika. Mwaka 1926 idara ya forodha iliajiri kijana wa Machui, Tanga, akapangiwa Pangani. Jina lake Shaaban Robert. Utumishi wake serikalini ulidumu zaidi ya miaka thelathini, nyingi kati yake Pangani na hapa Tanga. Alama gani kwenye fomu ya karani wa forodha ingeonyesha kwamba anayeketi kwenye kile kiti ndiye mwandishi mkubwa wa lugha hii? Sisemi Jiji lilipe tuzo kwa mashairi. Nasema mpimaji awe na unyenyekevu: anapima kipande cha mtu, hampimi mtu.

Hoja ya nne: majaribio yetu wenyewe yanatuambia nini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanajadili jambo hili kwa kutaja Singapore na Marekani. Marekani yenyewe ilitunga sheria mwaka 1978 ya kuwalipa mameneja wa serikali kuu kwa utendaji, ikaurekebisha mpango huo mwaka 1984, na mwaka 1993 ikauzika. Sisi tuna majaribio ya hapa nchini yaliyopimwa kwa makini kuliko mengi ya huko.

La kwanza ni la jirani zetu wa kusini kwenye pwani hii. Januari 2011 Mkoa wa Pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Rufiji na Mafia, ulianza kulipa vituo vya afya kwa matokeo, kwa msaada wa Norwe. Kila miezi sita vituo vilipimwa kwa malengo kadhaa: akina mama waliojifungulia kituoni, chanjo, dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito na mengineyo. Kituo kikifikia malengo kilipata fedha. Katika zahanati na vituo vya afya angalau robo tatu iligawiwa watumishi, iliyobaki ikatengeneza kituo. Kwa mhudumu aliyefikia malengo yote tuzo ilikuwa kama asilimia 10 ya mshahara wake. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London walilinganisha na wilaya za Morogoro na Lindi zisizokuwa na mpango. Waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa takriban pointi 8 za asilimia. Dawa ya malaria kwa wajawazito iliongezeka kwa takriban pointi 10. Katika huduma nyingine zilizolengwa, hakukuonekana badiliko la maana.

Fikirini juu ya matokeo hayo. Dawa ya malaria mama anaimeza palepale mbele ya mhudumu. Ni jambo lililo mikononi mwa mhudumu, dawa ikiwepo. Mambo yanayotegemea mama arudi tena na tena hayakusogea. Tuzo ilisogeza kile ambacho mfanyakazi anakiweza, ikaacha palepale kile asichokiweza. Nayo malipo yalipochelewa, manung'uniko yakaanza.

La pili ni KiuFunza, jaribio la shirika la Twaweza katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10, mwaka 2013 na 2014. Shule ziligawanywa makundi kwa bahati nasibu. Moja lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika jingine, mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, 5,000 kwa Kiingereza na 5,000 kwa hisabati, na mwalimu mkuu fungu lake dogo. La tatu lilipata vyote viwili. La nne halikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Tuzo peke yake ilileta matokeo ya mchanganyiko. Vyote viwili pamoja viliinua ujifunzaji, tena kwa zaidi ya jumla ya kimoja kimoja. Kwa lugha ya mtaani: ukimwahidi fundi bakshishi bila kumpa saruji, unapoteza muda wake; ukimpa saruji bila kumwahidi kitu, inalala stoo.

Kuna jambo la ziada. Baadaye watafiti wa KiuFunza walijaribu njia mbili za kukokotoa tuzo: moja rahisi, ya kulipa kwa kila stadi mtoto anayoivuka, nyingine ya kitaalamu zaidi, ya kuwapanga watoto kwa kulinganisha na wenzao wa kiwango kilekile. Ile rahisi haikushindwa na ile ya kitaalamu. Mwalimu aliielewa ile rahisi. Nawaomba wachumi wa Halmashauri wakiandaa kanuni yao, waisome mbele ya mtendaji wa mtaa. Akishindwa kuieleza tena kwa maneno yake, waitupe.

La tatu ni onyo. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipoanza kazi Julai 1996, ilipunguza watu, ikaajiri upya na kuwalipa mara kadhaa ya walivyolipwa awali. Miaka ya kwanza makusanyo yalipanda na rushwa ikapungua. Kisha rushwa ikarudi. Mtafiti wa Norwe, Odd-Helge Fjeldstad, alieleza mwaka 2003 sababu mbili ambazo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili. Waliofukuzwa hawakupotea, walijulikana, waliwajua waliobaki, wakawa wapatanishi kati ya wafanyabiashara na mamlaka. Na aliyelipwa vizuri akawa ndugu wa watu wengi: ada ya mpwa, hospitali ya shangazi, harusi ya binamu. Mshahara ulipanda, na ukoo ukapanda nao.

Ninayaweka matatu haya pamoja: fedha ya ziada husaidia pale kipimo kinapokuwa mkononi mwa mfanyakazi, vifaa vikiwepo, hesabu ikieleweka, na fedha ikifika kwa wakati. Haisaidii kumgeuza asiye mwaminifu awe mwaminifu. Hiyo ni kazi ya mkaguzi na ya mahakama.

Hoja ya tano: kipimo kipo tayari ukutani

Ofisi za umma nchini zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Baadhi yenu mmeuona umebandikwa karibu na kalenda. Unasema huduma hii itatolewa kwa siku kadhaa, barua itajibiwa kwa muda fulani, lalamiko litashughulikiwa namna hii. Ni ahadi za Jiji lenyewe, kwa Kiswahili, kwa mwananchi. Hatuhitaji mshauri kutoka nje aje atuundie viashiria. Tuchukue ahadi tatu kwa kila idara, zile zilizo mikononi mwa idara hiyo, na tuzifunge na tuzo.

Mfano mzuri tunao jirani, ingawa si idara ya Halmashauri. Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, hupimwa kila mwaka na mdhibiti wa huduma za maji, EWURA, kwa vigezo vinavyochapishwa: maji yanayopotea, saa za huduma, makusanyo, wateja waliounganishwa. Mwaka 2024 ilipouza hatifungani ya kijani kutafuta shilingi bilioni 53.12, ikapata bilioni 54.72, wanunuzi hawakununua kwa sababu ya mapenzi kwa Tanga. Walisoma rekodi. Mita haina shemeji. Tafuteni mita ya kila idara.

Na nani asome mita hiyo? Hapa ndipo napendekeza msimamizi apumzishwe. Siku ambayo ombi limepokelewa na siku ambayo limejibiwa ziwekwe mhuri au ziingizwe kwenye mfumo, na orodha ibandikwe kila mwezi kwenye ofisi ya kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata ichague sampuli ya waombaji na kuwauliza. Mkaguzi wa ndani athibitishe. Mama aliyeomba kibali cha genge Makorora ndiye atakayesema kama alipata kwa siku zilizoahidiwa, na hana sababu ya kumhurumia mtu.

Kwa nini kikundi? Nimekwisha kusema kazi ya ofisi hupita mikono mingi. Niongeze kwamba wenzako wanakujua kuliko mkubwa wako. Idara ikikosa tuzo kwa sababu mafaili yanalala mezani kwa bwana fulani, wenzake watamwambia wenyewe, kwa namna ya Kitanga mnayoijua. (Vicheko.) Mnaosema mvivu atafaidi kwa jasho la wengine mna hoja, lakini mvivu huyo leo anafaidi zaidi, maana analipwa sawa na hakuna anayemsema.

Na gharama? Tuchukue idara ya kufikirika yenye watu 40, wastani wa mshahara shilingi 800,000. Tuzo ya asilimia 5 kwa miezi sita ni 240,000 kwa mtu, na 9,600,000 kwa idara nzima. Si fedha ya kuchezea, lakini ni fedha ambayo halmashauri hutumia kwa posho za vikao bila kushtuka. Kwa kweli ningependa itoke hukohuko kwenye posho za vikao, na mtaona nani atapinga.

Kuna kazi moja ninayoiogopa: ukusanyaji wa ushuru. Kishawishi cha kwanza cha kila halmashauri ni kuwalipa wakusanyaji kwa asilimia ya wanachokusanya, kwa kuwa mashine ya POS inatoa hesabu kila jioni. Hapo tunarudi kwenye kipande. Mkusanyaji anayelipwa kwa kiasi atamfuata mama lishe wa soko la Mgandini, ambaye hawezi kukimbia na sufuria za moto, na atamwacha mdaiwa mkubwa mwenye wakili. Kama lazima walipwe, wapimwe kwa idadi ya walipaji walioandikishwa na kupewa risiti sahihi, na kwa malalamiko yaliyothibitishwa, ambayo yapunguze tuzo.

Wako watakaouliza: je, aliye likizo ya uzazi? Mgonjwa? Wapewe fungu lao kamili katika kikundi. Kadi ya mkonge tumeizika, tusiifukue. Na walimu je? Nawaacha nje kwa sasa, si kwa kuwadharau. Matokeo ya mtoto yana mikono mingi mno, na tuanze na yaliyo wazi. TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na vyama vingine vikae mezani tangu siku ya kwanza, kabla ya kanuni kuandikwa.

Ndugu Mwenyekiti, mwaka wa fedha unaanza Julai, na mapendekezo ya bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla. Ombi langu kwa Baraza la Madiwani ni dogo. Lichague idara mbili na kata tatu, moja ya mjini kama Ngamiani Kati, moja ya pembezoni kama Pongwe, na moja ya upande wa Chongoleani ambako bomba la mafuta ghafi linaleta maombi mengi ya ardhi. Lichague ahadi tatu kwa kila moja kutoka Mkataba wa Huduma. Lipeleke pendekezo Utumishi na TAMISEMI kupata kibali, maana bila kibali ni hoja ya ukaguzi. Litenge fedha kwanza, kwenye akaunti yake, ili isije ikakopwa. Likilipa mara mbili kwa wakati na wananchi wakakiri wamehudumiwa mapema, lipanue. Likishindwa kulipa hata mara moja, lisitishe mpango na kuwaambia watumishi waziwazi.

Nanyi wananchi, mkitoka hapa, kesho pitieni ofisi ya kata yenu, muombe kuuona Mkataba wa Huduma, msome siku zilizoandikwa, na mzihesabu.